Mifupa, Meno na Cheti

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwenye mtihani wa kemia, tuliulizwa kinachotokea floraidi inapokutana na haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfeti yanayojenga meno na mifupa. Nililijibu swali vizuri. Niliandika mlinganyo, nikausawazisha, nikaeleza jinsi floraidi inavyoingia na kuchukua nafasi isiyo yake ndani ya madini yale. Nilipata alama zote za swali hilo. Nililijibu nikiwa na meno ya kahawia yenye mistari, meno ambayo tangu darasa la tano nimezoea kuyafunika kwa mkono nikicheka, na haikunijia hata kidogo kwamba swali lilikuwa linanihusu mimi.

Meno kama yangu si ajabu huku kwetu. Panda matatu ya kutoka Nakuru kwenda Njoro au Rongai, ongea na watu, utayaona. Bonde hili ni kazi ya volkano. Menengai iko hapo juu ya mji, na chini yetu ni majivu na miamba yake. Maji ya visima virefu hukaa kwenye miamba hiyo muda mrefu na hutoka yamebeba floraidi. Ikiwa kidogo ni nzuri, ndiyo maana imetiwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi, mtoto anayeinywa wakati meno yake ya ukubwani yanaundwa ndani ya ufizi atayaota yakiwa tayari yameharibika, na hakuna mswaki utakaoyasafisha. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia hata kwenye mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi vya bonde hili vinakipita. Sisi shuleni tuliambiwa tu kwamba hatupigi mswaki.

Chuo niliacha mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Hadithi yenyewe ni fupi na inafanana na za wengi, kwa hivyo siirefushi. Nitasema tu kwamba watu hupenda kunitajia Bill Gates, ati naye aliacha. Gates aliacha Harvard akiwa na wazazi wenye uwezo na mlango wa kurudia. Mimi niliacha nikaenda kwa mjomba wangu Kaptembwo, kwenye kibanda chake cha jua kali, nikawa wa kushika chuma akichomelea. Kuandika kulikuja baadaye, usiku, kwa simu.

Mjomba alimaliza darasa la nane akaingia kwa kazi. Anatengeneza milango, majiko, na zaidi ya yote anapinda mabati kutengeneza gata za kuteka maji ya mvua. Siku moja tukinywa chai aliniangalia akaniuliza:

"Wewe si ulikuwa unasomea mambo ya kemia?"

"Eeh, anko."

"Sasa haya meno yetu ni nini?" Manake yake ni kama yangu.

Nikamweleza: volkano, visima, floraidi, madini ya jino. Nilieleza vizuri, nikasikia raha ya mtu aliyesoma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maji ya mvua nayo yana hiyo floraidi. Nikamwambia hayana, au yana kidogo sana isiyo na neno, kwa sababu hayajapita kwenye mwamba. Akanyamaza. Halafu akasema polepole, bila ukali:

"Na haya umeyajua tangu lini?"

Wakati nilipokuwa nikijibu lile swali la mtihani, mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa hajafika miaka mitatu. Aliishi kwa mama yangu, akinywa maji ya kisima kilekile nilichonywa mimi. Meno yake ya ukubwani yalikuwa yanaundwa wakati huo. Mimi nilikuwa na mlinganyo, mjomba alikuwa na gata, dari ya mama ilikuwa na mabati mazuri kabisa ya kukingia mvua, na mtoto akaendelea kunywa ya kisima kwa miaka mingine miwili. Hakuna aliyekataa kumsaidia. Ni kwamba nusu ya nilichojua ilikuwa kwenye karatasi ya mtihani, na nusu nyingine ilikuwa imening'inia kwenye ukuta wa kibanda ikisubiri mteja.

Tangu siku ile swali la elimu kwangu limekuwa na uso. Wakati watu wanabishana kama chuo kifundishe falsafa na historia au kifundishe kazi, mimi naona meno ya mbele ya yule mtoto.

Wazungu wana aina ya elimu wanayoiita liberali. Neno linatoka kwenye Kilatini, liber, maana yake huru. Ilikuwa elimu inayomfaa mtu huru: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki, elimu ya nyota. Kazi za mikono hazikuhesabiwa humo, kwa sababu kwenye jamii zile mikono ilikuwa kazi ya watumwa na maskini. Kabla hatujawacheka, tukumbuke kwamba Kiswahili nacho kina muungwana. Leo tunamwita muungwana mtu mwenye adabu, lakini Pwani ya zamani neno hilo lilimaanisha kwanza mtu asiye mtumwa. Adabu na uhuru vilikaa nyumba moja, na jembe likakaa nje. Ila Kiswahili hichohicho kinatupa fundi, ambaye ametoka kwenye shina moja na kufunda, kufunza na mwanafunzi. Kwenye kamusi mshika nyundo na mshika kitabu ni ndugu, hata kama kwenye harusi zetu hawaketi meza moja.

Siku hizi kuna vyuo vya elimu ya liberali duniani vinavyojisifu kwamba vimeondoa ukuta huo: mwanafunzi anasoma falsafa asubuhi, mchana yuko shambani au karakana. Ukisoma maelezo yao unatamani. Lakini kwetu jambo hili lina historia, na mtu akiniambia kwamba kujifunza kwa mikono ni kitu kizuri, nataka kwanza aniambie ni mikono ya nani.

Nitatoa mfano wa karibu. Njoro, kilomita kama 25 kutoka mjini Nakuru, ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Egerton. (Sicho chuo nilichoacha, ili tusianze uvumi.) Kilianza mwaka 1939 kama shule ya shamba, kwenye ardhi aliyoitoa Lord Maurice Egerton wa Tatton, yule mwenye kasri la mawe ambalo watu huenda kupigia picha za harusi. Shule ile ilianzishwa ili vijana wa Kizungu wajifunze ukulima. Elimu ya vitendo hasa. Na hakuna aliyeona kwamba inawashusha hadhi, kwa sababu kijana aliyejifunza kukamua ng'ombe pale alijua kwamba ng'ombe angekuwa wake, na shamba lingekuwa lake, hapa kwenye nyanda zilizotengewa Wazungu. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia kama mwanafunzi hadi miaka mingi baadaye. Kwenye mashamba yaleyale alikuwepo kama kibarua, na huo ufundi wa kukamua aliujua zamani bila cheti.

Sasa weka hilo kando ya jambo lingine. Mwaka 1924 tume ya wakfu wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na James Aggrey wa Gold Coast akiwa miongoni mwa wanachama wake. Ilipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake, yaani kilimo, afya ya kijijini na kazi za mikono, kwa mfano wa Hampton na Tuskegee, shule za watu weusi kusini mwa Marekani. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete kwa moyo huo. Ukiyasoma mapendekezo yale leo bila kujua mwaka, utadhani ni warsha ya juzi kwenye hoteli ya Naivasha. Yana busara nyingi. Lakini W.E.B. Du Bois alikuwa ameshayapinga kule Marekani, na wazazi wengi wa Kenya ya kati waliyapinga bila kumsoma Du Bois. Waliona mbali kuliko lugha ya wataalamu. Waliona kwamba mtoto wao anafundishwa jembe ili abaki kwenye jembe, kwa shamba la mtu mwingine. Wakachanga wakajenga shule zao huru, na mwaka 1939, mwaka uleule wa Njoro, Mbiyu Koinange akafungua chuo cha walimu Githunguri. Koinange mwenyewe alikuwa amepitia Hampton, kisha akaendelea mpaka Columbia, New York. Alijua vizuri alichokuwa anakitafuta na alichokuwa anakikimbia.

Kwa hivyo mwaka mmoja, kwenye koloni moja, kijana wa Kizungu anakimbilia jembe na mzazi Mwafrika anakimbilia kitabu, na wote wawili wanatafuta kitu kilekile, kuwa watu huru. Mimi nasema wale wazazi walikuwa sawa. Na nasema pia kwamba tulilipa. Tulirithi dharau ya kazi za mikono ambayo kwao ilikuwa silaha, na kwetu imebaki kuwa tabia. Mama yangu hakuwaambia majirani kwamba niko kibandani Kaptembwo. Alisema niko "kwa attachment".

Serikali imejaribu kuziba pengo hili mara mbili nikihesabu haraka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta kilimo, sayansi kimu, muziki, sanaa na ufundi kwenye shule za msingi, na mtoto alipimwa humo. Mjomba ni zao la mfumo huo. Anasema shuleni kwao karakana ilikuwa kuta tatu zilizojengwa kwa harambee, misumari ilinunuliwa na wazazi, na kila mwanafunzi alichonga mwiko. Mwiko wenyewe wengi walinunua sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa, mtihani ukarudi kwenye karatasi. Kisha ikaja CBC, mtaala wa umilisi, ulioanza shuleni kote mwaka 2019, na wazazi wakaanza tena kuzunguka usiku kutafuta manyoya ya kuku na maboksi ya kubandika. Tumecheka sana mitandaoni. Kicheko kina haki yake, lakini wazo lililo nyuma ya mtaala ule silichekei.

Ninachokiuliza ni kingine. Je, mikono na akili vinakutana wapi hasa? Si kwenye ratiba, maana pale tumeshaviweka mara mbili na havikusalimiana. Mimi jibu nililipata kwenye mifupa.

Baada ya yale maneno ya mjomba nilianza kusoma kuhusu floraidi kama mtu anayetafuta mkopo aliodhulumiwa. Ndipo nikajua kwamba hapahapa Nakuru, tangu miaka ya 1990, mradi wa maji wa Dayosisi ya Katoliki umekuwa ukiondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inapondwa, inachekechwa, inaoshwa, inajazwa kwenye chujio, na maji yanapitishwa humo. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilisimama. Mfupa umejengwa kwa haidroksiapatiti, ile ya mtihani wangu. Kile kilichofanya meno yangu yanase floraidi ndicho kinachofanya mfupa uinase ndani ya ndoo kabla haijafika mdomoni. Mlinganyo ulikuwa mmoja. Ng'ombe aliyechinjwa anaweza kuharibikiwa badala ya mtoto.

Lakini mlinganyo hautengenezi chujio. Ukichoma mifupa kwa moto hafifu, mabaki ya nyama na mafuta yanabaki ndani na maji yanatoka na harufu ambayo hakuna mtu atainywa. Ukichoma kupita kiasi hadi iwe myeupe kabisa, uwezo wake wa kunasa floraidi unapungua. Kati ya hapo na hapo kuna fundi wa tanuri anayejua moto. Nilipomweleza mjomba alielewa mara moja, maana ni kama chuma: rangi inakuambia joto. Hapo kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na mimi nikaandika.

Hata fundi na mkemia wakikutana, kazi haijaisha. Chujio hushiba. Baada ya muda mifupa inakuwa imejaa na haichukui tena, na maji yanayotoka ni safi kwa macho ilhali floraidi imerudi, kwa hivyo lazima awepo mtu wa kupima na kuhesabu. Kisha kuna swali ambalo kila bibi wa nyumba ana haki ya kuliuliza: hii ni mifupa ya mnyama gani, na alichinjwa na nani? Mwislamu anauliza kwa sababu zake, Mhindu asiyekula nyama anauliza kwa sababu zake, na jirani yangu wa kanisa la roho anauliza kwa sababu ya ndoto. Hilo silo swali la kemia. Anahitajika mtu aliyesoma dini za watu kwa heshima, anayeweza kuketi kwenye stuli ya mtu na kusikiliza. Ukiuliza zaidi kwa nini watu wanaishi juu ya maji hayo, utaingia kwenye historia: mashamba ya walowezi yaliyogawanywa, kampuni za kununua ardhi, familia zilizohamia pasipo na mto. Ndoo moja ya maji, na wote hawa wamo ndani yake.

Hapo ndipo naona kosa letu. Tunadhani elimu kamili ni kumpa mtoto masomo mengi, halafu tumwongezee ya mikono juu, kama achari kwenye sahani. Shida ya kweli haijali masomo. Floraidi haikuuliza kama mimi ni wa sayansi au wa sanaa. Mwanafunzi akikabidhiwa kitu kinachomhusu, na akaachwa kukifuata kila kinakokwenda, atapita kwenye jiolojia, kwenye tanuri, kwenye msikiti, kwenye ofisi ya ardhi. Mtaala wa umilisi umegawa sekondari ya juu katika njia tatu, ya sayansi na hesabu, ya sayansi za jamii, ya sanaa na michezo. Naelewa sababu, walimu hawatoshi. Lakini naogopa mtoto wa miaka kumi na tano kuambiwa mlinganyo ni wa wale, na bibi anayeuliza kuhusu mifupa ni wa hawa.

Na gharama je? Hapa sina jibu zuri. Kuna shule kwenye bonde hili ambazo mtoto anapanda farasi, anasoma Shakespeare na kufuga nyuki, na karo ya muhula mmoja ingenilipia digrii yote. Wale watoto wanapewa mikono na vitabu pamoja, kama vijana wa Njoro mwaka 1939, bila mtu kuwauliza wachague. Anayeambiwa achague ni maskini. Ukichagua kitabu na karo ikaisha, unarudi kwenye mikono kama mtu aliyeshindwa, na hakuna anayeuliza ulirudi na nini kichwani. Mjomba ndiye mtu pekee aliyewahi kunihoji nilichojifunza chuoni. Kwenye usaili wa kazi huuliza tu kama nilimaliza.

Gata za mama tulizifunga mwezi uleule, mimi nikishika, mjomba akipigilia. Tanki linajaa mvua za masika, na kiangazi kikizidi linaisha tunarudi kisimani.

Mpwa wangu sasa ana miaka tisa, yuko Gredi ya Nne, na meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia, si mibaya kama yangu. Muhula uliopita walipewa kazi ya kutengeneza chujio la maji: chupa ya soda iliyokatwa kitako, pamba, mchanga, kokoto, makaa ya jikoni. Alilitengeneza mwenyewe. Maji ya matope yaliingia yakatoka maangavu, na mwalimu akamwandikia kwamba amezidisha matarajio. Alikuja nalo mbio.

"Anko, sasa haya hayataharibu meno?"

Nilitaka kumdanganya, manake uso wake ulikuwa unang'aa. Nikamwambia ukweli: mchanga na makaa yanaondoa uchafu unaoonekana, lakini floraidi inapita humo kama mtu mwenye tikiti.

"Tukiyachemsha?"

"Inabaki palepale, maji yanapungua. Inakuwa kali zaidi."

Akaliangalia chujio lake. "Kwa hivyo mwalimu alinipatia alama za nini?"

Nikamweleza kuhusu mifupa na kuhusu jino. Nilichora kwenye daftari lake, upande wa nyuma, ule mlinganyo wangu wa mwaka wa pili, kwa miduara badala ya herufi. Aliuliza kama unaweza kuchomea mifupa kwenye jiko la mjomba. Nikasema tunaweza kujaribu, mjomba akiwepo, lakini maji yake hakuna atakayeyanywa mpaka yapelekwe yapimwe. Alikubali masharti yote bila kusikiliza.

Jumamosi aliniacha nimelala akaenda bucha la hapo kona na mfuko wa nailoni kuomba mifupa. Alirudi nao umejaa nusu. Bucha alikuwa amemuuliza ana mbwa wangapi.